Mchanga wa Pwani katika Roshani ya Newala

Nimestaafu kabla ya msimu huu wa korosho, na vijana niliowaacha karakana ya Masasi wameniomba niandike namna tulivyokuwa tukitengeneza roshani za zege zilizooza. Wamesema niandike kama ninavyoongea, maana vitabu vya ujenzi wanavyo. Basi naandika. Nani alipandishwa cheo na nani aliachwa siandiki. Wenyewe wanajijua, na wengine bado wana hasira.

Nilizaliwa Chiwata katika nyumba ya udongo, na mpaka nafikia umri wa kuoa sikuwa nimepanda ngazi ya nyumba ya mtu yeyote. Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Ndanda, kwenye nyumba ya ghorofa kando ya barabara kuu. Nilikabidhiwa kwa fundi Mponda, Mmakonde wa Newala, mrefu, mabega yameinama kidogo kwa kuzoea kupita chini ya majukwaa. Nilimwamkia.

"Marahaba," akasema. "Unasikia vizuri?"

Nikamwambia nasikia.

"Masikio yote mawili?"

"Yote, mzee."

Akanipa nyundo ndogo. "Panda juu, gonga sakafu ya roshani yote, halafu uniambie imekufa wapi."

Niligonga asubuhi nzima. Zege zima hulia kwa ukali, kama chungu kilichochomwa vizuri. Zege lililoachana na nondo zake hutoa sauti ya uwazi, kama kugonga kibuyu. Nilichora kwa mkaa kila mahali niliposikia kibuyu. Mponda akapanda nyuma yangu, akagonga bila kuniangalia, na kila duara nililolichora akalipanua.

"Umemwonea huruma mwenye nyumba," akasema. "Ukimpunguzia leo, utakuja kumzika."

Nilidhani anatania. Baadaye niligundua kwamba Mponda hakuwa mtu wa utani. Utani wake wote aliutumia kwenye harusi za watoto wa dada yake, na hata huko haukuchekesha.

Kwa nini roshani, wala si chumba cha ndani? Kwa sababu roshani imening'inia nje peke yake, na mvua huipiga juu, chini na ubavuni. Ikiwa sakafu haikupewa mteremko wa kutosha, maji hukaa. Yakikaa hutafuta ufa, yakipata ufa hufika kwenye nondo, nondo hupata kutu, na kutu huvimba na kulibambua zege kutoka ndani. Mwenye nyumba huona kipande kimeanguka uani, hukifagia, na mwaka unaofuata hupaka rangi. Rangi imeua roshani nyingi kuliko mvua, kwa kuwa humfanya mtu aache kuangalia.

Nyumba za ghorofa kwetu zilikuja na misimu mizuri ya korosho. Mtu akivuna vizuri Tandahimba au Newala alitaka roshani mbele ya nyumba, hata kama hakuwa na haja ya kukaa juu. Wengi walijenga haraka kabla hela haijapata kazi nyingine. Kwa hiyo sisi tulipata kazi.

Njia ya Mponda ni hii, na ndiyo niliyoifuata mpaka mwisho. Kwanza weka mirunda, yaani nguzo za kuibeba, chini ya roshani, ikaze kwa kabari, kabla hujagonga hata pigo moja. Bambua zege lote lililokufa, upite mpaka nyuma ya nondo, usiishie pale nondo inapoonekana. Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Nondo iliyoliwa sana, iongezee nyingine pembeni, ndefu ya kutosha kushikana na iliyo nzima. Paka uji wa saruji, na kabla haujakauka jaza zege jipya. Halafu sakafu ya mteremko kuelekea nje, na pale sakafu inapokutana na ukuta fanya kona ya mviringo. Dawa ya kuzuia maji ipakwe mikono miwili, wa kwanza ukienda huku na wa pili ukikatiza, na ipande ukutani kiasi cha kiganja. Mwisho, chini ya ukingo, chora mfereji mwembamba ili tone la maji likifika hapo lidondoke, lisitambae kurudi ndani. Mfereji huo ndio kila mtu anausahau. Hauonekani, na mwenye nyumba hausifu.

Baada ya hapo huja maji, na hapo ndipo tabu ya uwanda wetu wa juu ilipo. Zege jipya linataka kumwagiliwa na kufunikwa magunia mabichi, na dawa ikishakauka unaziba matundu ya kutolea maji na kujaza maji juu ya roshani uone kama yanapita. Newala na Tandahimba, watu wanaamka alfajiri kwenda kupanga ndoo. Kuomba maji ya kumwaga juu ya saruji ni kama kuomba maziwa ya kuoshea baiskeli. Nyumba moja ya Tandahimba tulijaza roshani maji yaliyoletwa kwa mkokoteni. Bibi wa nyumba akapanda, akayatazama yamelala pale, akashuka bila neno. Akarudi na wakwe zake na ndoo. Kipimo kiliisha mapema, lakini nguo za ukoo mzima zilifuliwa. Mponda akaenda chini, akatazama dari, akasema haijavuja. Tukaandika kwamba haijavuja.

Nyumba nilizofanya ni nyingi, na nyingi zimeshanichanganyika. Moja haijachanganyika.

Ilikuwa Newala, karibu na ukingo wa uwanda, mahali ambapo ardhi inakatika na bonde la Ruvuma linafunguka chini. Mwenye nyumba alikuwa dereva mstaafu wa lori, tukimwita Baba Somoe. Mkewe, Mama Somoe, alikuwa mtu wa Mikindani. Mumewe alimwoa huko wakati akipeleka korosho Mtwara, akampandisha uwandani, na nyumba ile aliijenga kwa ajili yake. Binti yao mmoja, Somoe, alikuwa ameolewa Masasi. Wazee walibaki wawili, na kila jioni walikaa kwenye roshani ile wakila mihogo ya kuchemsha na kutazama bonde.

Mimi wakati huo nilikuwa fundi mkuu, na Mponda alikuwa mzee aliyekuja kazini kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda asubuhi. Kifua chake kilikuwa kimeshaharibika kwa vumbi la saruji. Baba Somoe naye alikuwa mgonjwa. Moyo ulikuwa umechoka, miguu ilivimba, akipanda ngazi alipumzika katikati. Alitupokea amekaa kwenye kiti cha kamba chini ya ngazi.

"Fundi," aliniambia, "fanyeni haraka. Huku ndani nasikia kama niko dukani kwa mtu. Nje ndiko nyumbani kwangu."

Tuliweka mirunda, tukaanza kubambua. Zege la chini lilidondoka kwa mapande makubwa, na nondo zilizojitokeza zilikuwa nyembamba kama njiti za ufagio. Hilo nilikuwa nimeliona kwingine. Lakini ndani ya zege kulikuwa na vitu vidogo vyeupe vinavyometameta. Niliokota kipande, nikakisugua kwa kidole. Vilikuwa vipande vya makombe ya baharini. Huko juu Newala, mbali na pwani, makombe ya bahari yalikuwa ndani ya roshani ya mtu.

Nilimpelekea Mponda. Akakigeuza kwenye kiganja chake muda mrefu.

"Mchanga wa ufukweni," akasema. "Haukuoshwa. Chumvi iko ndani tangu siku ya kwanza. Hata tungezuia maji yote ya Mungu, chuma kingeliwa tu."

"Kwa hiyo?"

"Hii hairekebishiki, Issa. Inakatwa yote, tunamwaga upya."

Mama Somoe alikuwa akifagia uani. Alikuwa ameshaokota vipande vya makombe na kuviweka kwenye upindo wa khanga yake. Akatusogelea, akazungumza kwa sauti ya chini ili mumewe ndani asisikie.

"Ni mchanga wa kwetu huu," alisema.

Mponda akakubali kwa kichwa.

"Ndio ulioharibu?"

"Ndio, mama."

"Mimi ndiye niliyemwambia. Alipokuwa anajenga nilimwambia mchanga wa huku ni vumbi, mchanga ni wa kwetu, mweupe, safi. Akawa kila akirudi Mtwara gari tupu anapakia. Alijivuna kweli." Akafunga upindo wa khanga. "Nawaombeni, wanangu. Mwenyewe msimwambie. Moyo wake hautaki jambo. Mwambieni ni uzee wa nyumba."

Mponda alikuwa na umri sawa na wake, lakini alipoitwa mwanangu aliitika. Tukaahidi.

Siku iliyofuata, Mama Somoe akiwa ameenda sokoni, Baba Somoe alituita. Alikuwa ameshikilia kipande cha zege. Sijui alikipataje. Nadhani kiliruka kikaingia mlangoni.

"Mimi nimebeba mizigo maisha yangu yote," alisema. "Mzigo wangu naujua. Huu ni wangu."

Akakigeuza, akatuonyesha makombe.

"Ni chumvi?"

Mponda alikuwa ameahidi. Lakini alikuwa pia mtu asiyeweza kukiita kibuyu chungu. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya yule mzee, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Ni chumvi, Baba Somoe."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Gari lilikuwa linarudi tupu. Niliona ni dhambi kurudi tupu. Na yeye alikuwa analia sana mwaka ule wa kwanza, hakuzoea huku. Nikasema nitamjengea mahali atakapokanyaga kwao." Alinyamaza mpaka pumzi ikamrudia. "Sasa sikilizeni. Mama Somoe asijue. Ataona nilimjengea kitu cha kumwangusha. Mwambieni ni mvua."

Tukaahidi tena. Tulipotoka nje Mponda alikaa juu ya rundo la kokoto, akakohoa, akafuta macho. Nilimwuliza tufanye nini na ahadi mbili. Akasema tufanye zege.

Lakini hatukulifanya. Kabla hatujaanza kukata, Baba Somoe alifariki asubuhi moja, amekaa kwenye kiti kilekile cha kamba. Mkewe alikuwa ametoka kumchukulia maji ya kunawa. Aliporudi alidhani amesinzia, akasimama na beseni akimsubiri aamke.

Watu wakajaa. Nyumba ile ilijulikana, na madereva wa zamani walikuja kutoka Tandahimba na Masasi. Wanawake wakajaa ndani hadi kwenye ngazi. Mimi na Mponda tuliacha nyundo, lakini kuondoka hatukuweza. Roshani ilikuwa imebambuliwa chini, nondo nje, inakaa kwa nguvu ya mirunda peke yake. Nilifunga mlango wa juu kwa waya na kuweka benchi mbele yake. Mponda alikaa chini uani kuzuia watoto wasipite kati ya mirunda. Mtu mmoja alitukaripia kwamba tunaweka mambo ya kazi kwenye msiba wa watu. Alikuwa na haki ya kutuona hivyo.

Jeneza lilipokuwa karibu kutoka, Somoe alishuka akanifuata. Macho yalikuwa yamevimba.

"Kaka, mama anataka kutoka nje juu."

Nilimwambia haiwezekani.

"Wanawake hatuendi makaburini, unajua," alisema. "Kutoka pale juu anaona njia yote mpaka wanapozikia. Ukimnyima hapo, atamwona mwisho mlangoni, basi."

Nilimtazama Mponda. Alikuwa mtu ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumruhusu mwenye nyumba akanyage roshani yenye mirunda, hata mwenye nyumba aliyetukana. Alizunguka mirunda yote akiipiga kwa kiganja. Akaniambia nilete mingine iliyobaki kwenye gari. Tuliongeza, tukaikaza kwa kabari mpya, tukagonga polepole kwa sababu ndani walikuwa wanasoma.

"Apande yeye peke yake," Mponda akamwambia Somoe. "Wewe ubaki kwenye kizingiti, umshike mkono. Asifike ukingoni. Akae karibu na ukuta."

Nilipanda nikafungua waya na kuondoa benchi, kisha Mponda akaniambia tukae chini kwenye mirunda.

Jeneza likatoka. Wanaume wote walilikimbilia, kila mmoja akitaka kuweka bega, kama ilivyo. Mimi na Mponda tulibaki chini ya roshani, mkono mmoja kwenye mrunda, mwingine kwenye kabari, tukisikiliza. Katika maisha yangu sijawahi kumkosea maiti mwingine kwa kutomsindikiza. Juu yetu tulisikia mlango, halafu nyayo. Alikuwa pekupeku. Hatua chache, akasimama. Vumbi la zege likatudondokea kichwani, jepesi, pamoja na vijiwe vyeupe vidogo. Mponda alikuwa akisema kitu kwa Kimakonde, taratibu, na sikumwuliza ni nini. Tulisikia sauti za wanaume zikienda mbali, zikishuka, zikipotea kwenye mikorosho. Yeye juu hakulia kwa sauti. Alisimama hadi kimya kikawa kirefu sana, mpaka nikahisi mkono wangu umekufa ganzi. Halafu nyayo zikarudi ndani, mlango ukafungwa.

Mponda akaachia mrunda wake, akakaa chini palepale. "Imeshika," akasema.

Mama Somoe akaingia eda. Sisi wanaume hatukuwa na kazi tena mle ndani, na hakuna aliyetuharakisha. Mirunda tuliiacha imesimama. Kila nilipopita Newala kwa kazi nyingine nilienda kukaza kabari, nikabisha hodi nje, Somoe au jirani akaniitikia, nikaondoka. Katika muda huo Mponda alizidi kuugua, lakini kila mara aliniuliza kabari zikoje.

Eda ilipokwisha tuliitwa. Mama Somoe alikuwa amekonda. Alitukaribisha chai, na Mponda, aliyekuja ingawa daktari alimkataza, alikunywa taratibu. Ndipo Mama Somoe akatuuliza.

"Mwenzangu alijua habari ya mchanga?"

Nilimtazama Mponda. Akaweka kikombe chini. "Alijua, mama."

"Mlimwambia?"

"Aliuona mwenyewe. Aliuliza, na mimi sikuweza kumdanganya. Akatuomba tusikwambie wewe."

Alitazama mikono yake. "Na mimi niliwaomba msimwambie yeye."

"Ndiyo, mama."

"Basi mlibeba mzigo mzito kuliko zege. Alisema kosa la nani?"

"Alisema lake."

"Halikuwa lake. Mchanga niliusifu mimi." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Siku zote zile tunakaa humu ndani, yeye ananiangalia, mimi namwangalia. Kila mmoja anaficha. Tungejua, kosa tungeligawana."

Alinyanyuka, akaongeza chai.

Tulikata roshani ile kwa tindo, kipande baada ya kipande, tukaanzia ukingoni kurudi ukutani. Vifusi vyote alituomba tuvimwage kwenye bomoko la ukingo wa uwanda, ambako mvua inakula ardhi. Tulimwaga upya kwa mchanga wa mtoni, tukauosha, ingawa maji ya kuuoshea mchanga Newala mnayajua. Majirani walituletea bila kuombwa. Nondo tulizifunika vizuri, mteremko ukakaa, dawa tukaipaka mikono miwili, na mfereji wa chini ya ukingo Mponda aliuchora mwenyewe akiwa amelala chali kwenye jukwaa, akiacha kila baada ya muda ili akohoe. Ile ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Tulimzika kwao mwaka huohuo, kabla ya mvua. Safari hii nilibeba jeneza.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilipanda Newala kuangalia. Hiyo ni desturi yangu, nanyi ifanyeni yenu. Usiamini roshani mpaka uione ikinyeshewa. Nilibisha hodi, Mama Somoe akaniita nipande. Nilimkuta amekaa chumbani, kiti kimewekwa nyuma ya kizingiti, mlango wa roshani umefunguliwa. Mvua ilikuwa imekatika. Nilitoka nje, nikainama, nikapitisha kiganja kwenye kona na ukingoni. Maji yalikuwa yameondoka yote. Chini ya ukingo matone yalidondoka mahali yalipotakiwa kudondokea.

"Kavu, mama," nilimwambia. "Haina neno. Unaweza kukaa nje."

"Najua, mwanangu. Nimeiona tangu asubuhi."

"Nikutolee kiti?"

Alitikisa kichwa. "Nikikaa hapo naona mpaka kule alipo mwenzangu. Hapa naona roshani peke yake." Alivuta mtandio mabegani, maana baridi ya Newala baada ya mvua inauma. "Leo acha nikae hapa. Kesho nitajaribu."

Nilikaa naye kidogo, sakafuni karibu na kizingiti, mpaka mvua ikaanza tena.